"Imekata" na "Inazunguka": Kisa cha Nyumba Iliyodhani Inaibiwa Wi-Fi

Kisa hiki kinaandikwa kwa ridhaa ya wenye nyumba. Majina yao, mahali wanapoishi, mtoa huduma wao na aina za vifaa vyao vimeondolewa. Anwani za mtandao zinazotajwa ndizo ambazo ruta nyingi hutoka nazo kiwandani, kwa hiyo hazimtambulishi mtu yeyote.

## Usuli

Ni familia ya watu saba katika nyumba ya ghorofa moja yenye kuta za zege. Intaneti inaingia kwa faiba hadi sebuleni, ambako ruta ya mtoa huduma ilikuwa imewekwa ndani ya kabati, nyuma ya runinga. Huduma waliyolipia ni megabiti 40 kwa sekunde za kupakua na 10 za kupakia. Mama mwenye nyumba anafundisha kwa njia ya video akiwa chumba cha juu, upande wa nyuma, na huko ndiko malalamiko yalikoanzia.

Kwa miezi mitatu mtandao ulikuwa ukiwasumbua. Walimpigia simu mtoa huduma mara kadhaa wakajibiwa kwamba laini ni nzima, na jibu hilo lilikuwa la kweli ingawa halikuwasaidia chochote. Wakanunua ruta ya pili, iliyokwisha kutumika, wakavuta kebo kutoka ruta ya chini hadi juu ili mawimbi yafike chumba cha nyuma. Mambo yakazidi kuwa mabaya. Wakabadilisha nywila mara nne na jina la mtandao mara mbili.

Nilipofika, Mama alikuwa tayari ana hukumu mkononi. "Fundi, sisi tunaibiwa," alisema, akanionyesha kwenye simu orodha ya vifaa iliyotoka kwenye ruta. Vilikuwa 31. "Nyumba hii ina vifaa kumi na tatu. Hao kumi na nane ni akina nani?"

Kisha akaongeza ushahidi uliokuwa na uzito kuliko orodha: kila wanapobadilisha nywila, mtandao unatulia kwa siku mbili tatu, halafu unarudia. Kwa mtu yeyote mwenye akili timamu, hiyo inaonekana kama mwizi anayefukuzwa na kurudi. Sikumbishia. Nilimwomba jambo moja tu.

## Wiki ya daftari

Nilimwomba wasiguse kitu kwa siku saba. Wasibadilishe nywila, wasihamishe ruta. Badala yake waweke daftari mezani, na kila tatizo likitokea waandike saa, kifaa, chumba, na kilichotokea kwa maneno yao wenyewe.

Kijana wao mkubwa hakupenda. "Kaka, si uingie tu kwenye ruta uangalie?" Ningeweza. Lakini tatizo linalokuja na kuondoka ni gumu kulikamata kwa ziara ya saa mbili, na fundi anayeanza kubadilisha mipangilio kabla ya kujua tatizo hutokea lini na wapi hatakuwa na njia ya kujua kama amelitibu au amebahatisha. Familia hii ilikuwa imebahatisha kwa miezi mitatu. Sikutaka niwe wa nane.

Daftari lilirudi na mistari 27. Hii ni minne kati yake, kama ilivyoandikwa:

Jumanne, saa 3:10 asubuhi. Laptopu ya Mama, juu. Imekata. Simu yangu iko hapa hapa mezani inafanya kazi.

Jumanne, saa 2:40 usiku. Runinga, chini. Inazunguka.

Jumatano, saa 5 asubuhi. Laptopu, juu. Imekata. Nimezima Wi-Fi nikawasha, imerudi.

Jumatano, saa 3:15 usiku. Simu ya kijana, juu. Inazunguka. Ya Bibi pia. Ya Baba pia.

Niliusoma mstari wa kwanza na wa pili mara kadhaa kabla sijaona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Waliandika wote, kwa miandiko tofauti, lakini bila kuambiana walikuwa wakitumia maneno mawili. *Imekata* na *inazunguka*. Nilipoyatenganisha, wiki yao iligawanyika yenyewe. Imekata ilikuwa mistari 16: ilitokea wakati wowote wa mchana na usiku, ilishika kifaa kimoja huku cha jirani kikiendelea, na 14 kati yake ilitokea juu. Inazunguka ilikuwa mistari 11: yote kati ya saa 2 na saa 5 usiku, ikishika kila kifaa kwa pamoja, juu na chini.

Kwa miezi mitatu walikuwa wakisema "mtandao mbovu" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Lugha yao ilikwisha kuyatofautisha magonjwa mawili. Ilibaki kuyapima.

## Vipimo

Safari ya data kutoka kwenye laptopu hadi nje ina vipande viwili ambavyo lazima vipimwe mbali mbali: kutoka kifaa hadi ruta, na kutoka ruta kwenda nje. Amri ya ping, inayotuma ujumbe mdogo na kupima jibu linarudi baada ya muda gani, inatosha. Unaituma kwa ruta kwenye dirisha moja na kwa seva ya nje kwenye dirisha la pili, unaziacha ziende. Ya ruta ikiyumba, tatizo limo nyumbani, kwenye Wi-Fi au nyaya zako. Ya ruta ikiwa tulivu na ya nje ikayumba, tatizo liko kwenye laini au kwenye foleni ya kuingia kwenye laini. Watu wengi hupima kasi tu, na kipimo cha kasi huchanganya vipande vyote viwili kuwa namba moja.

Nilikaa chumba cha juu asubuhi nzima. Saa 4 na dakika chache laptopu ya Mama ilikata. Alama ya Wi-Fi ilikuwa imejaa, haikuonyesha shida. Nikafungua maelezo ya mtandao: anwani ya laptopu ilikuwa 192.168.0.104, na lango lake 192.168.0.1. Nikachukua simu yake, iliyokuwa kwenye mtandao huo huo wa juu, mezani hapo hapo, ikifanya kazi vizuri: anwani 192.168.1.23, lango 192.168.1.1.

Nilimwita kijana aje aone, kwa sababu ni nadra kosa kujionyesha wazi hivi. Vifaa viwili, meza moja, Wi-Fi moja, lakini vilikuwa vimeelekezwa kwenye milango miwili. Kila kifaa kinapojiunga na mtandao, hupaza sauti kuomba anwani, na huduma iitwayo DHCP ndani ya ruta humjibu: chukua anwani hii, na ukitaka kutoka nje pitia kwangu. Nyumba inapaswa kuwa na msemaji mmoja wa namna hiyo. Hapa walikuwa wawili, kwa sababu ruta ya pili iliunganishwa kwa tundu la kawaida la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba) ikiwa na mipangilio yake ya kiwandani, nayo ikaendelea kugawa anwani kama kwamba ndiyo bwana wa nyumba. Anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Kifaa kikijibiwa na ruta ya chini, kinapata intaneti. Kikijibiwa na ya juu, kinaambiwa kipitie mlango ambao nyuma yake kuna ukuta: ruta ya juu haikuwa na laini yoyote ya nje.

Hapo ndipo yale mafumbo yalipofumbuka kwa mkupuo. Juu kulikata zaidi kwa sababu ruta ya juu iko karibu na huwahi kujibu. Kuzima Wi-Fi na kuwasha kulisaidia kwa sababu kifaa kiliomba anwani upya, na safari hii labda alijibu yule mwingine. Na kubadilisha nywila au jina? Kulivilazimisha vifaa vyote vya nyumba kujiunga upya kwa wakati mmoja. Vingi viliangukia upande mzuri, nyumba ikatulia, kisha kimoja kimoja vikaanza kuangukia upande mbaya watu walipokuwa wakipanda na kushuka ngazi. Ushahidi mkubwa wa Mama ulikuwa wa kweli kabisa. Nywila mpya kweli ilituliza mtandao, ila si kwa kumfukuza mtu.

Ugonjwa wa pili ulisubiri usiku. Saa 1 jioni ping ya nje ilikuwa milisekunde 18. Saa 2:30 usiku ilikuwa 740, na mara nyingine ikapita hapo, wakati ping ya ruta, nikiwa nimekaa sebuleni karibu nayo, ilibaki 3. Kwa hiyo Wi-Fi haikuwa na kosa. Kitu kilikuwa kimejaza laini ya kupakia. Kamera mbili za nje zilikuwa zimepangwa kurekodi mfululizo kuanzia giza linapoingia na kutuma picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, kila moja ikila takriban megabiti 4 kwa sekunde. Hizo ni 8 kati ya 10. Watu wakirudi nyumbani na kuchomeka simu kwenye chaji, simu nazo zinaanza kuhifadhi picha za siku nzima mtandaoni. Ruta inazipanga pakiti hizo zote, yaani vipande vidogo vya data, kwenye foleni ndefu, na ombi dogo la runinga la kusema "nipe kipande kinachofuata" linasimama nyuma ya foleni hiyo. Ndiyo maana laini ya kupakua yenye nafasi tele inaonekana imekufa: maombi yake yanachelewa kutoka mlangoni.

## Wale kumi na nane

Ilibaki orodha ya vifaa 31, na sikutaka kuipuuza kwa sababu tu nimepata makosa mengine. Mwizi angeweza kuwepo pia.

Kila kifaa cha Wi-Fi kina anwani ya MAC, tarakimu na herufi 12 zilizopangwa mbili mbili. Zamani ilikuwa moja kwa kifaa maisha yake yote. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu kwa kawaida hujitungia anwani ya kubuni kwa kila jina la mtandao inaojiunga nao, ili isifuatiliwe kutoka mahali hadi mahali. Anwani ya kubuni inajulikana kwa herufi au tarakimu yake ya pili: huwa 2, 6, A au E.

Tulikaa na Mama tukaipitia orodha kwa kalamu. Anwani 23 zilikuwa na alama hiyo. Nyumba ina simu 6. Mtandao wa chini ulikuwa umekwisha kuwa na majina matatu kwa sababu ya kubadilisha mara mbili, na wa juu ulikuwa na jina lake, kwa hiyo kila simu iliweza kuwa imejitambulisha kwa sura nne. Simu moja ilinunuliwa baada ya jina la kwanza kuachwa, hiyo ina tatu. Jumla 23. Ruta ilikuwa inaweka kumbukumbu za zamani bila kuzifuta. Wageni 17 kati ya 18 walikuwa simu zao wenyewe, na wengine walizaliwa siku ile ile walipobadilisha jina ili kuwakimbia.

Wa kumi na nane alikuwa na anwani halisi. Sehemu yake ya mbele ilikuwa ya mtengenezaji wa vipande vya Wi-Fi vinavyowekwa kwenye vifaa vidogo vya nyumbani. Mama alifikiri sana. Bibi ndiye aliyekumbuka, kutoka kwenye kiti chake, kwamba taa ya baraza huwashwa kwa simu. Nyumba ilikuwa na vifaa 14.

## Milango iliyokuwa wazi

Hapakuwa na mwizi. Lakini nilipokuwa nikimtafuta niliona kwamba angekuja, asingehangaika.

Ruta ya juu ilikuwa na jina na nywila ya usimamizi ya kiwandani. Kirusi cha Mirai kilipoenea mwaka 2016, kiliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu orodha ya michanganyiko sitini na ushee ya nywila za namna hiyo.

WPS, njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila ya Wi-Fi, ilikuwa imewashwa kwa PIN. PIN hiyo ina tarakimu 8, na mtu hudhani ni uwezekano wa mamilioni. Mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta huikagua kwa nusu mbili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Anayebahatisha anahitaji majaribio 10,000 kwa nusu ya kwanza na 1,000 kwa ya pili, jumla 11,000. Nywila ndefu ya Wi-Fi haisaidii kitu mlango huo ukiwa wazi.

Nywila zote nne walizobadilisha zilikuwa namba za simu za familia. Nina maoni makali juu ya hili, kwa sababu ni desturi ya nyumba nyingi mno. Katika WPA2, mfumo wa kusimba (kuficha) mawasiliano ya Wi-Fi, mtu aliye nje anaweza kunasa salamu fupi ambazo simu na ruta hupeana simu inapojiunga, akaenda nazo na kubahatisha nywila akiwa kwake, bila ruta kujua. Tuseme kompyuta yake inajaribu laki tano kwa sekunde, jambo lililo ndani ya uwezo wa kadi nzuri ya michoro: tarakimu 10 zote, michanganyiko bilioni 10, zinakwisha ndani ya saa 6. Na namba za simu huanza kwa tarakimu zinazojulikana, kwa hiyo hazimalizi hata saa moja.

Usimbaji wa ruta ya juu ulikuwa WPA ya zamani yenye TKIP, njia kongwe ya kusimba. Huu ni udhaifu wa usalama, lakini pia unabana kasi: viwango vya Wi-Fi vilivyokuja baadaye haviruhusu kasi zao pamoja na TKIP, kwa hiyo kifaa hurudishwa kwenye megabiti 54 kwa sekunde au chini yake. Laptopu ya Mama ilikuwa imefungwa hapo. Programu ya ndani ya ruta hiyo ilikuwa ya mwaka 2017 na mtengenezaji haitolei tena masahihisho.

Kwenye ruta ya chini, ukurasa wa usimamizi ulikuwa unafikika kutoka nje, na kamera zilikuwa zimejifungulia milango miwili kupitia UPnP, huduma inayoruhusu kifaa kutoboa njia bila kumwuliza mwenye nyumba.

## Maamuzi, na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuzima DHCP kwenye ruta ya juu na kuipa anwani 192.168.1.2, nje ya safu inayogawiwa na ruta ya chini. Ikabaki kazi moja, kurusha mawimbi. Nikazipa ruta zote mbili jina moja na nywila moja ili simu ihame yenyewe mtu anapopanda ngazi. Kwenye gigahazi 2.4 ruta ya chini nikaiweka chaneli 1 na ya juu 11, upana wa megahazi 20, kwani katika bendi hiyo 1, 6 na 11 ndizo zinazokaa bila kukanyagana. Mwanzo zote zilikuwa zimejichagulia chaneli zinazopishana na kila moja ilikuwa kelele kwa mwenzake.

Usalama ulihitaji uamuzi ambao haukuniridhisha. Ruta ya chini inaweza WPA3, iliyotoka mwaka 2018, na hiyo imeundwa kuzima ile mbinu ya kunasa salamu na kubahatisha nyumbani. Ruta ya juu haiwezi. Jina moja likiwa na usimbaji tofauti chini na juu, baadhi ya simu husitasita kuhama, na tungezalisha "imekata" mpya baada ya kuponya ya zamani. Nikachagua WPA2 yenye AES, njia ya kusimba iliyo imara kuliko TKIP, pande zote, nikaziba pengo kwa nywila: maneno sita yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa kufumba macho na kuweka kidole kwenye kurasa za kamusi. Bibi aliyashika baada ya kuyasikia mara mbili. WPA2 inapokea hadi herufi 63, kwa hiyo nafasi ipo.

WPS ikazimwa, UPnP ikazimwa, usimamizi kutoka nje ukafungwa, nywila za usimamizi zikawa mpya na tofauti kwa kila ruta, programu ya ruta ya chini ikasasishwa. Kamera na taa ya baraza nikazihamishia mtandao wa wageni wa ruta ya chini, ambao hauruhusu kifaa kuona laptopu za nyumbani. Kamera bado zinaonekana kwenye simu hata UPnP ikiwa imezimwa, kwa sababu kamera ndiyo inayoanza safari ya kwenda kwenye huduma yake.

Kijana alipendekeza tufiche jina la mtandao na kuruhusu anwani maalumu za MAC tu. Nilikataa yote mawili na nikamweleza kwa nini. Jina lililofichwa hutajwa na simu zako zenyewe zinapolitafuta, na anwani za MAC husafiri hewani bila kusimbwa, hivyo anayetaka ataziona na kuziiga. Anayezuiwa hasa ni simu ya nyumbani iliyojitungia anwani mpya.

Kuhusu foleni ya usiku, ruta ya mtoa huduma haikuwa na uwezo wa kupanga pakiti kwa zamu, kwa hiyo tulipunguza mzigo kwenye chanzo. Kamera zikawekwa zirekodi kitu kikisogea tu, na simu zikapangwa kuhifadhi picha baada ya saa 6 usiku.

Mwisho, ruta ya chini ilitoka ndani ya kabati ikakaa juu yake.

## Kosa langu la siku ile

Nilifanya mabadiliko ya DHCP, chaneli na usimbaji kwa mfululizo bila kupima katikati. Nilikuwa na haraka, kulikuwa na kipindi saa 9 alasiri. Kila kitu kilirudi isipokuwa printa. Kwa kuwa nilikuwa nimegusa mambo matatu, sikujua lipi limeiua. Nilirudisha usimbaji wa zamani, nikarudisha chaneli, nikazima na kuwasha. Ilinichukua karibu saa mbili kugundua kwamba mtu aliwahi kuiandikia printa anwani kwa mkono, 192.168.0.50, katika safu ya ruta ya juu ambayo sasa haipo. Nikaifuta, ikaomba anwani kama wenzake, ikafanya kazi ndani ya dakika moja. Ningeuliza mapema ni vifaa gani vina anwani za kudumu, au ningebadilisha jambo moja na kujaribu kila kifaa kabla ya jingine, saa hizo mbili zisingepotea. Mama alifundisha kipindi chake bila karatasi alizokusudia kuchapa.

## Matokeo

Wiki ya kwanza daftari lilikuwa na mistari 3. Miwili ilikuwa ya chini, kwenye gigahazi 5, kila mara mtandao ukipotea kwa dakika moja hivi kisha kurudi wenyewe. Ruta ilikuwa imejichagulia chaneli 100, mojawapo ya zile zinazotumiwa kwa pamoja na rada. Ikisikia kitu inachodhani ni rada ni lazima ihame, na kabla ya kurusha kwenye chaneli nyingine ya kundi hilo hukaa kimya ikisikiliza kwa sekunde 60. Nikaiweka chaneli 36, isiyo na sharti hilo. Mstari wa tatu ulikuwa "inazunguka", usiku wa upepo ambapo matawi mbele ya kamera hayakutulia.

Wiki ya pili hadi ya sita hakukuwa na "imekata" hata moja. Ping ya nje saa 3 usiku ilikaa kati ya 20 na 60. Chumba cha juu, ambacho kabla ya ruta ya pili kilipata mawimbi ya desibeli hasi 78 kutoka chini, sasa kinapata hasi 52 kutoka ruta ya juu (namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi), na laptopu ikaachana na ile kasi ya 54 ikaunganika kwa megabiti 144 kwa sekunde.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni daftari, na ndani ya daftari ni kuwaachia watu maneno yao. Ningewapa fomu yenye kisanduku cha "hakuna mtandao", wangetia alama kwenye kisanduku hicho mara 27 na tofauti ingefutika. Tangu hapo nikisikia mtu anasema "mtandao unasumbua" namwuliza kwanza: unakata au unazunguka? Na cha jirani yako je, wakati huo huo?

Tuhuma ya wizi ilikosea kuhusu chanzo, lakini iliwaelekeza kwenye dawa ambayo kwa bahati ilipunguza maumivu, na hiyo ndiyo iliyowachelewesha. Dawa ikisaidia kwa siku tatu, mtu huongeza dozi. Dalili ya kuangalia ilikuwa kwamba nafuu iliisha kila mara kwa mpangilio ule ule, hata nywila ilipokuwa mpya kabisa na haijapewa mgeni yeyote. Mwizi angehitaji muda tofauti kila safari.

Usalama na uthabiti vilishikana katika nyumba hii kuliko nilivyotarajia. Ruta ya pili ndiyo iliyoleta DHCP ya ziada, na ndiyo hiyo hiyo iliyokuja na TKIP, PIN ya WPS na nywila ya kiwandani. Kitu kilichonunuliwa kutibu mtandao kiliuvuruga na kuuacha wazi kwa wakati mmoja, kwa sababu moja: kilichomekwa bila mtu kufungua ukurasa wake wa mipangilio.

Kuhamisha runinga kwenye mtandao wa wageni, jambo nililojaribu siku ya pili, hakukudumu. Simu hazikuweza tena kuirushia video, na baada ya jioni moja ya malalamiko niliirudisha mtandao mkuu. Nadhani uamuzi huo ni sahihi kwa nyumba hii. Ulinzi unaowaudhi watu kila jioni wataufungua wenyewe, na watafungua zaidi ya ulichofunga.

Kinachobaki ni ruta ya juu. Haipati masahihisho na haipaswi kubaki hapo. Wamekubali kuibadilisha, na ikitoka tutahamia WPA3 kwa vifaa vinavyoiweza. Mpaka siku hiyo ifike, kuna hatari ndogo inayoninyima amani: mtu akibonyeza tundu la kurejesha mipangilio ya kiwandani, DHCP itawaka tena na nyumba itarudi kule ilikotoka. Kwa hiyo nimebandika karatasi juu ya mfuniko wake, na kijana ameandika kwa wino mzito: "Ukiirudisha ya kiwandani, chomoa kebo ya mtandao ya ukutani kwanza. Zima DHCP. Ndiyo uchomeke."